Kinachokosekana ni Mechi

Kila fainali za Afrobasket ya wanawake, yaani ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu, zinapomalizika, mazungumzo ya huku kwetu huwa yale yale. Nigeria wamebeba kombe tena. Sisi hatukuwepo, au tulikuwepo tukatolewa mapema. Kisha hatakosekana mtu wa kusema kwamba mabinti zetu ni wafupi, kikapu si mchezo wao, tuwaachie Wanigeria na Wasenegali. Kauli hiyo nimeisikia Dar es Salaam na nimeisikia Mombasa. Mwaka 2023 niliisikia hata ndani ya BK Arena kule Kigali, kwa kaka mmoja aliyekaa safu ya nyuma yangu, wakati Ezinne Kalu wa Nigeria akipasha misuli moto mbele ya macho yetu. Kalu hafiki futi sita. Mwaka 2019 pale Dakar ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nataka kulizungumza kwa kirefu. Mabinti wa Afrika Mashariki hawakosi kimo, hawakosi kipaji, na hawakosi moyo. Wanakosa mechi. Ninaposema mechi simaanishi mazoezi, wala bonanza la kufungua msimu. Namaanisha dakika 40 za ushindani wa kweli dhidi ya timu inayoweza kukufunga, halafu wiki inayofuata nyingine, na inayofuata nyingine, mwaka mzima.

Tuwatazame mabingwa wenyewe. Nigeria, D'Tigress kama wanavyojiita, wametwaa ubingwa wa Afrika mara tano mfululizo. Bamako 2017 waliwafunga Senegal 65-48. Dakar 2019, mbele ya mashabiki wa Senegal wenyewe, wakashinda 60-55. Yaoundé 2021 ikawa zamu ya Mali, 70-59. Kigali 2023 Senegal tena, 84-74. Abidjan 2025 Mali tena, 78-64. Katika michuano yote hiyo mitano hawakupoteza mchezo hata mmoja, na jumla ya mataji yao sasa ni saba. Ukiyasoma matokeo hayo haraka haraka utadhani ni nchi ambayo mpira wa kikapu wa wanawake unatunzwa kuliko kitu kingine chochote.

Sivyo. Mwaka 2022 timu hiyo ilikuwa imeshafuzu Kombe la Dunia la Sydney, ikaja serikali yao ikaitoa nchi kwenye kikapu cha kimataifa kwa sababu ya migogoro ya uongozi wa shirikisho. Baadaye uamuzi ulibatilishwa, lakini FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walikuwa wameshawapa Mali nafasi hiyo. Mabingwa wa Afrika wakabaki nyumbani kutazama Kombe la Dunia kwenye televisheni. Mwaka uliofuata, wiki chache tu kabla ya Afrobasket, wakapewa kocha mpya, Rena Wakama, binti wa wazazi Wanigeria aliyezaliwa na kukulia Marekani. Alikuwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini, na hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya taifa. Akaenda Kigali akarudi na kombe, mwanamke wa kwanza kuwa kocha wa timu bingwa katika historia ya mashindano haya.

Mwaka mmoja baadaye ikaja Olimpiki ya Paris. Mechi za makundi zilichezwa Lille, na siku ya kwanza tu Nigeria wakaifunga Australia 75-62. Australia hao hao ndio waliomaliza michezo ile na medali ya shaba. Nigeria wakapigwa na wenyeji Ufaransa, kisha wakaifunga Kanada 79-70 na kutinga robo fainali. Hakuna timu ya Afrika, ya wanawake wala ya wanaume, iliyowahi kufika hapo kwenye kikapu cha Olimpiki. Marekani wakawatoa 88-74, na Wakama akatajwa kuwa kocha bora wa mashindano ya wanawake.

Kwa nini timu yenye kocha wa wiki chache na shirikisho lenye makovu inacheza hivyo? Ukizisoma wasifu za wachezaji wake, jibu liko wazi. Kalu, Amy Okonkwo, Promise Amukamara, Elizabeth Balogun na wenzao wamepitia vyuo vikuu vya Marekani, ambako msimu mmoja una mechi thelathini hivi. Wengi wao kisha wakaingia ligi za kulipwa, za Ulaya hasa, ambako ukicheza vibaya Jumamosi unawekwa benchi Jumatano. Wanapokutana kambini wiki mbili kabla ya mashindano, hakuna anayefundishwa namna ya kumkaba mtu kwenye skrini, pale mpinzani mwingine anapokuzibia njia kwa mwili wake. Wanapanga tu nani atamkaba nani. Miili yao imeshazoea presha ya robo ya nne, ubao unasoma tofauti ya pointi tatu, zimebaki dakika mbili, na mwamuzi amepuliza faulo usiyoikubali.

Mtu akiniambia hao ni Wamarekani waliovaa jezi ya kijani, nakataa. Ni watoto wa Nigeria, na wapo waliozaliwa na kuanza kucheza huko huko nyumbani kabla ya kuondoka. Lakini hata tukiliweka kando suala la uzawa, somo linabaki lile lile: walichokipata nje ni michezo mingi, na mingi hiyo ni mashindano ya kweli.

Na mfumo wa Afrobasket haumvumilii anayekuja kujifunzia pale pale. Timu ni 12, makundi manne ya timu tatu tatu. Anayeongoza kundi anaingia robo fainali moja kwa moja, wa pili na wa tatu wanacheza mchujo. Maana yake bingwa anaweza kubeba kombe kwa mechi tano tu: mbili za kundi, robo, nusu, fainali. Na aliyeteleza mara mbili kwenye kundi akafungwa na kwenye mchujo, anafungasha virago akiwa amecheza mechi tatu. Mechi tatu, baada ya miaka miwili ya kusubiri! Hakuna muda wa kuzoea taa, wala sakafu ya mbao inayorudisha mpira kwa kasi kuliko saruji ya nyumbani, wala mwamuzi asiyemjua mtu. Ukichelewa kuamka kwenye robo ya kwanza ya mchezo wa kwanza, umekwisha.

Hapo ndipo Kigali iliponifundisha kitu. BK Arena iko Remera, pembeni ya Uwanja wa Amahoro. Ilifunguliwa mwaka 2019 na inaingiza watu 10,000 hivi. Wengi tunaijua kwa sababu ya BAL, ligi ya klabu za wanaume ya Afrika iliyoanzia pale mwaka 2021. Wanawake hawana BAL yao, na hilo ni dai ambalo sitaacha kulitaja kila nikipata nafasi. Lakini jengo lipo, na jengo halichagui jinsia. Rwanda, chini ya kocha Cheikh Sarr kutoka Senegal, walicheza Afrobasket ile kama watu walioambiwa kwamba wamo kwenye hesabu. Katika robo fainali wakakutana na Uganda, majirani na watani. Timu mbili za Kanda ya Tano, ile kanda ya FIBA yenye nchi za Afrika Mashariki na Misri, mojawapo lazima iingie nusu fainali ya Afrika. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo likitokea mbele yangu.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, amefunga kitenge vizuri, mkononi ana kibendera cha Rwanda. Nilipomsalimu kwa Kiswahili akafurahi, kumbe alikulia Goma. Bella Murekatete wa Rwanda akadaka ribaundi, mpira uliorudi baada ya kukosa kikapu, katikati ya watu watatu, akaushika mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili bila kuushusha hata kidogo, akageuka, akaurudisha juu. Mama yule akanishika mkono. "Dada, ona! Aba batoto banacheza muzuri sana."

Kile kitendo cha kutoushusha mpira ni kidogo mno machoni, lakini ndicho ninachokiongelea. Mchezaji mrefu asiye na mechi nyingi akidaka ribaundi huushusha mpira hadi kifuani, au kiunoni, ajipange. Pale ndipo wafupi wanapoupokonya. Kocha anaweza kumwambia mara mia, ataitikia "sawa kocha", na kesho ataushusha tena. Anaacha siku anapopokonywa mbele ya watu na timu yake ikafungwa kwa ajili hiyo. Murekatete alisoma Washington State na kucheza kwenye moja ya kanda ngumu za vyuo vya Marekani. Ameshapokonywa vya kutosha, na ameacha.

Rwanda wakashinda. Wakaangukia kwa Nigeria kwenye nusu fainali, wakafungwa na Mali kwenye mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, wakamaliza wa nne. Nafasi ya nne Afrika, kwa nchi ambayo ukiizunguka kwa gari jua halizami. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli, ila wenyeji walichokipata pale ni zaidi ya makofi. Agosti 2024 Kigali ikapokea tena mashindano, safari hii mchujo wa awali wa Kombe la Dunia la wanawake, na Rwanda wakapata kucheza na timu za Ulaya, Asia na Amerika ya Kusini bila kupanda ndege. Hesabu hizo mechi. Mwenye ukumbi anapata mashindano, mwenye mashindano anapata mechi, na mwenye mechi anazoea.

Kuna watu watakaoniambia kwamba haya ni mambo mapya, kwamba ukanda wetu haujawahi kuwa na jina kwenye mchezo huu na tusitarajie makubwa. Hapo ndipo ninapotaka wasome historia kidogo.

Zaire, Kongo ya leo, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1983, ikarudia 1986, ikarudia 1994. Mara tatu. Ubingwa ule wa mwisho ndio uliowafungulia njia ya kwenda Olimpiki ya Atlanta 1996. Nchi wakati huo ilikuwa inayumba, serikali haina habari na timu ya kikapu ya wanawake. Aliyewalipia jezi na gharama zao ni Dikembe Mutombo, Mkongo mwenzao aliyekuwa nyota wa NBA, kutoka mfukoni mwake. Walifungwa mechi zote. Marekani waliwachapa 107-47. Lakini katika kikosi kile alikuwemo binti wa Kinshasa, Mwadi Mabika, wa umri wa miaka ishirini hivi. Mwaka uliofuata WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, ilipoanza kuchezwa, Mabika alikuwa Los Angeles Sparks, na mwaka 2001 na 2002 akabeba ubingwa wa ligi ile akiwa upande mmoja na Lisa Leslie. Mutombo alifariki Septemba 2024, na rambirambi zilimtaja kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa na kwa kile kidole alichokuwa akikitikisa baada ya kuzuia mpira. Mimi namkumbuka pia kwa jezi zile. Mtu mmoja alielewa kwamba kama hawaendi Atlanta, Mabika haonekani.

Kenya nao walifika fainali ya Afrika mwaka 1993, wakafungwa na Senegal kwao Dakar. Mwaka uliofuata wakacheza Kombe la Dunia kule Australia. Walimaliza mkiani mwa timu 16, na wapo wanaolitaja hilo kama aibu. Mimi sioni aibu yoyote. Walikuwepo. Mashindano yale yale Brazil walitwaa dunia, na mabinti wa Kenya walikuwa kwenye orodha moja nao. Leo, zaidi ya miaka thelathini baadaye, Kenya hawajarudi tena. Mwaka 2021 Kenya Lionesses waliwafunga Misri kwenye fainali ya Kanda ya Tano kule Kigali, wakaenda Yaoundé, nikadhani sasa mlango umefunguka. Lakini kwenye timu 12 za Kigali 2023 hawakuwemo, na kwenye 12 za Abidjan 2025 hawakuwemo. Tanzania hatukuwemo kote kuwili.

Yawezekanaje ukafika juu kisha ukatoweka? Angalia mchujo wa Kanda ya Tano unavyokwenda. Timu zinakusanywa mji mmoja, zinacheza kwa siku chache, kwisha. Ukishindwa, timu ya taifa inavunjwa hadi miaka miwili ijayo. Wachezaji wanarudi kwenye klabu zao, wengine wanarudi kazini benki, bandarini, jeshini, na kikosi kinachoitwa tena ni kama kipya. Ndiyo maana nasema ni mechi. Kizazi cha 1993 hakikukosa warithi kwa sababu mabinti wa Nairobi waliacha kuwa warefu.

Na pengo linaanza mapema sana, shuleni. Huku Tanzania msichana mrefu akionekana na mwalimu wa michezo, anapelekwa netiboli. Sina ugomvi na netiboli, nimeicheza na naipenda, na Taifa Queens, timu yetu ya taifa ya netiboli, wametupa raha. Lakini netiboli inakufundisha mwili mwingine. Ukidaka mpira unasimama. Huruhusiwi kukimbia nao wala kuudunda ukisonga mbele, na una sekunde tatu za kuuachia. Sasa mchukue binti huyo akiwa kidato cha tatu umwingize kwenye kikapu. Anadaka mpira kwenye shambulizi la kushtukiza, mbele yake hakuna mtu, goli liko wazi, naye anasimama. Anasimama! Anatafuta wa kumpasia. Benchi zima linapiga kelele, "Nenda! Dunda, nenda!" Anaanza kudunda, lakini beki ameshafika.

Upande wa pili, mabinti waliotoka netiboli wana jambo moja zuri ambalo makocha wengi hawalitumii. Goli la netiboli halina ubao wa nyuma, kwa hiyo mfungaji amejifunza kuurusha mpira juu na kuudondosha ndani ya pete bila msaada. Mpe huyo nafasi karibu na kikapu, usimkimbize kubadili mkono wake, atakufungia. Nimeshuhudia GS, yaani mfungaji, wa netiboli akiwa mfungaji bora wa timu ya kikapu ya shule ndani ya muhula mmoja, kwa sababu tu kulikuwa na mwalimu aliyekuwa na akili ya kumwacha arushe anavyojua.

Kingine ni mpira wenyewe. Wanawake duniani kote wanachezea mpira namba sita, ambao ni mdogo na mwepesi kuliko namba saba ya wanaume. Nenda kwenye uwanja wa shule yoyote ya kawaida uangalie mabinti wanachezea nini. Namba saba, iliyochakaa, imepoteza vichunusi vyote, inateleza kama imepakwa mafuta. Ndivyo tulivyocheza sisi. Ringi imepinda kuelekea chini, haina wavu, na mpira ukipita kwa pembeni mnabishana umeingia au haukuingia. Binti anayejifunza kurusha kwa namba saba hulazimika kuusukuma kutoka kifuani kwa mikono miwili, kwa sababu mkono mmoja hauna nguvu ya kuufikisha. Miaka mitano baadaye anaitwa timu ya taifa, anapewa namba sita, na ule mtindo wa kusukuma umeshaganda mwilini. Beki wa Mali mwenye mikono mirefu anamzuia bila hata kuruka. Mpira namba sita hauhitaji bajeti ya wizara. Ni suala la mtu kwenda dukani na kujua anaomba kitu gani.

Baada ya hapo kuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, siku chache kila mwaka, na kwa mabinti wengi huo ndio ushindani wote wanaoupata hadi wanamaliza shule. Anayebahatika kuwa Dar ataona viwanja vya Don Bosco, atapata ligi ya mkoa, atajiunga na Vijana Queens au JKT Stars. Wa Mbeya, wa Lindi, wa Kigoma, afanye nini?

Niseme pia neno kwa ndugu zangu wa Pwani na Visiwani, maana hili hatulizungumzi. Kwa miaka mingi sheria za FIBA zilikataza kufunika kichwa uwanjani, na mabinti wengi wa Mombasa, Tanga na Zanzibar waliishia kwenye michezo ya shule kwa sababu hiyo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2017, ikaanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo. Leo binti anaweza kuvaa hijabu, mikono mirefu na suruali ya kubana, akacheza hadi Kombe la Dunia. Lakini wapo wazazi ambao bado hawajaambiwa, na nimekutana na walimu ambao bado wanamwambia binti achague. Hakuna tena cha kuchagua. Mwalimu anayesoma hapa amwambie mzazi leo hii.

Turudi Abidjan 2025, kwa sababu kuna timu moja iliyonifanya niipime upya hoja yangu. Sudan Kusini ilicheza Afrobasket ya wanawake kwa mara ya kwanza, na ikaondoka na medali ya shaba baada ya kuifunga Senegal kwa pointi moja. Senegal hao ni mabingwa mara 11. Timu za taifa za Sudan Kusini zilipoanza kuvuma, Juba hakukuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa kufanyia mazoezi. Ukumbi hakuna, shaba ipo. Je, Kigali yangu imeanguka?

Nimelifikiria sana, na naona haijaanguka. Luol Deng, rais wa shirikisho lao na nyota wa zamani wa NBA, alifanya kwa nchi nzima kile Mutombo alichokifanya kwa jezi za Zaire. Aliweka fedha zake, akawatafuta watoto wa Sudan Kusini popote vita ilipowatupa, Australia, Marekani, Uingereza, hapa jirani Kenya na Uganda, akawakusanya. Watoto wale walikuwa na mechi. Walizipata kwenye shule na vyuo vya nchi walizokimbilia. Nchi ilikosa viwanja, wachezaji hawakukosa michezo. Ila njia ile ina bei ambayo hakuna nchi inayopaswa kutamani kuilipa. Hakuna anayepanga vita ili miaka ishirini baadaye apate wachezaji wa ughaibuni.

Kenya wamejaribu njia ya ughaibuni kwa kiasi, Uganda zaidi, Rwanda pia. Siipingi. Mtoto wa Mganda aliyezaliwa nje akitaka kuvaa jezi ya Gazelles, avae na tumshangilie. Lakini timu yenye wawili wa nje na kumi wa ndani inategemea wale kumi dakika ambazo wawili wamechoka au wana faulo nne. Kwenye robo ya nne ya mechi kubwa ndipo utakapoona mchezaji wa ndani anapasiwa mpira akiwa huru, anakitazama kikapu, halafu anaurudisha mpira kwa yule wa nje aliyekabwa na watu wawili. Ni mzuri huyo dada, anarusha vizuri mazoezini. Hajawahi tu kuwa yeye ndiye wa kurusha pale inapouma.

Nigeria nao, baada ya Abidjan, rais wao aliahidi kila mchezaji dola 100,000 za Marekani. Nimefurahi kwa ajili yao, wamestahili kila senti. Huku kwetu watu wakaishika habari ile na kusema tukipata fedha kama zile nasi tutashinda. Zile ni zawadi za mwisho wa safari. Sisi tunahitaji fedha za mwanzo wa safari, na hazifiki hata robo ya robo yake.

Fedha za nini? Za basi na malazi, basi. Mombasa kuna KPA, timu ya bandari, moja ya klabu kubwa za wanawake katika ukanda huu, na Makande kuna ukumbi wa ndani wenye historia. Dar kuna JKT Stars, Vijana Queens na Don Bosco Lioness, na kuna Uwanja wa Ndani wa Taifa. Kati ya miji hii miwili kuna barabara ya lami inayopita Tanga na mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Ukitoka asubuhi unafika jioni. Kampala na Kigali nazo zimeunganishwa kwa barabara, na klabu za wanawake za Rwanda, REG na APR, zinatafuta wapinzani kama sisi. Hatuhitaji kusubiri FIBA watuitie mchujo kila baada ya miaka miwili.

Wazo langu ni wikendi moja kila mwezi, Machi hadi Novemba. KPA waende Dar, wacheze Jumamosi na JKT Stars, Jumapili na Vijana Queens, warudi. Mwezi unaofuata Dar waende Makande. Waamuzi wawili wa kila upande, ili wa kwetu nao wazoee. Mpira namba sita. Takwimu zichukuliwe kwa kalamu na karatasi ikibidi, na zitangazwe, ili kocha wa timu ya taifa asiite mtu kwa kusikia jina. Hizo ni mechi 18 za kimataifa kwa mwaka kwa KPA peke yao, juu ya ligi yao ya nyumbani, na kila mchezaji wa Dar atakayekutana nao atakuwa amejifunza kumkaba mtu asiyemjua tabia.

Kombe la Dunia linachezwa Berlin Septemba 2026, na Nigeria wameshafuzu. Nitawatazama na nitawashangilia kwa sauti yote. Lakini wikendi ya kwanza ya Machi kuna nafasi Makande na kuna nafasi Uwanja wa Ndani wa Taifa. Viongozi wa klabu nilizozitaja, baadhi yenu mnasoma hapa. Barua ya mwaliko ni ukurasa mmoja. Mkihitaji mtu wa kusimamia meza ya takwimu, mimi nipo.